Nchi Jirani: Deni Linalobaki Baada ya Ghasia

Mazungumzo baada ya habari, kwa wasikilizaji wa Jeshi na Polisi

Tarehe 23 Septemba 1991 askari wa miavuli wenye kambi karibu na uwanja wa ndege wa Ndjili, mjini Kinshasa, walitoka kambini na bunduki zao pasipo amri ya mkuu yeyote. Kilio chao kilikuwa mshahara. Fedha ya Zaire ilikuwa imeporomoka kiasi ambacho malipo ya askari hayakutosha kumlisha yeye na jamaa yake. Waliuvamia uwanja wa ndege, kisha wakaingia mjini, na wakazi wengi wakawafuata. Maduka yakavunjwa, maghala yakafagiliwa, viwanda vikang'olewa mitambo, na nyumba za watu zikaachwa kuta tupu. Ghasia zikaenea hata katika miji mingine ya nchi hiyo. Ufaransa na Ubelgiji zikapeleka askari wao kuwaondoa raia wa kigeni.

Miezi 16 baadaye mambo yakajirudia. Serikali ya Rais Mobutu Sese Seko ilitoa noti mpya ya zaire milioni 5. Waziri Mkuu Etienne Tshisekedi akatangaza kwamba noti hiyo si fedha halali. Askari wakalipwa mshahara kwa noti ile ile, na wenye maduka wakaikataa. Mwishoni mwa Januari 1993 askari wakaingia tena mitaani, na safari hii wakapigana na askari wenzao wa ulinzi wa Rais. Watu wengi walikufa, naye Balozi wa Ufaransa, Philippe Bernard, akauawa kwa risasi akiwa ubalozini kwake.

Msikilizaji aliye katika vikosi vya ulinzi na usalama anaweza kuyahesabu mambo hayo kuwa ni historia ya jirani, yaliyokwisha pamoja na watu wake. Lakini ghasia haziishi siku risasi zinaponyamaza. Moshi ukishatulia huja karatasi. Kila balozi ambaye raia wa nchi yake ameuawa, amepigwa au ameporwa huandika barua kwa Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi ile, akieleza hasara na kudai fidia. Barua hizo hazina kelele, wala hazitangazwi mitaani. Hata hivyo zinaweza kudumu miaka 10, 20 au 40, na mwisho wake hulipwa kutoka katika hazina ya wananchi. Jambo la kushangaza ni kwamba swali kubwa katika madai hayo karibu daima ni lile lile: je, askari walifanya nini siku ile?

Yafaa kwanza ieleweke dai la namna hii hutokeaje. Mtu binafsi aliyeharibiwa mali yake ugenini hana, kwa desturi ya sheria za kimataifa, uwezo wa kuisimamisha dola nyingine mbele ya mahakama ya mataifa. Ni dola yake inayomshika mkono. Ikishalichukua dai lake, dai hilo huwa ni la dola yenyewe, nayo yaweza kulisukuma, kulipunguza au hata kuliacha kwa ajili ya uhusiano mwema. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza ni uraia: dola haina haki ya kumdaia mtu ambaye si wake. La pili ni kwamba mwenye kudai hapana budi awe ameshazipitia njia za sheria za nchi ile ile aliyoumizwa, mahakama zake na ofisi zake, isipokuwa pale ambapo njia hizo hazipo au hazina maana yoyote.

Pamoja na njia hiyo ya kale ya kibalozi, ipo njia mpya zaidi. Mataifa mengi yametia sahihi mikataba ya kulinda vitega uchumi, na ndani yake yamekubali kwamba mwekezaji wa kigeni aweza kuipeleka serikali moja kwa moja mbele ya baraza la usuluhishi. Zaire ilikuwa na mkataba kama huo na Marekani, uliotiwa sahihi mwaka 1984. Ndio uliotumika baada ya ghasia za Kinshasa.

Je, serikali hulipa kila kinachovunjwa na waasi au wahuni? Hapana. Sheria haiitaki dola iwe mdhamini wa kila dirisha la kila mgeni. Kesi mbili za zamani zinaonyesha mpaka wenyewe ulipo.

Kesi ya kwanza ilitoka Sierra Leone. Mwaka 1898 utawala wa Kiingereza uliwatoza wenyeji kodi ya vibanda, na wenyeji, ambao hawakuulizwa neno, waliinuka. Katika uasi ule vituo vya wamisionari wa Kimarekani vilishambuliwa, baadhi yao wakauawa na mali zao zikaharibiwa. Marekani iliidai Uingereza fidia, kwa hoja kwamba Uingereza ilipaswa kujua kodi ile ingeleta uasi, na kwamba haikuwalinda wamisionari. Mwaka 1920 baraza la usuluhishi lililikataa dai hilo. Lilisema kwamba serikali haiwajibiki kwa matendo ya waasi ikiwa yenyewe haikuvunja uaminifu wala haikuzembea kuuzima uasi. Askari wa serikali walikuwa wamepigana licha ya hasara kubwa. Juu ya haki ya kodi yenyewe wenyeji wa Sierra Leone walikuwa na yao ya kusema, na hakuna aliyewauliza hata katika kesi hiyo. Lakini kanuni iliyotoka humo imebaki: serikali hupimwa kwa jitihada yake.

Kesi ya pili ilitoka Mexico, na kila askari angefaa kuijua. Mwaka 1880, katika mji wa Angangueo, kibarua mmoja aligombana na msimamizi wake wa Kimarekani juu ya ujira wa senti 12 hivi. Ugomvi ukakua, na umati wa watu wapatao 1,000 ukaizingira nyumba walimokuwamo Wamarekani 3. Mkuu wa mji akaagiza askari waende wakautawanye umati. Askari wakaenda wakiongozwa na afisa wao. Walipofika hawakuutawanya umati. Waliielekezea nyumba ile risasi. Mmarekani mmoja aliuawa hapo hapo, na wenzake wawili, walipolazimika kutoka nje, wakauawa na askari pamoja na umati.

Dai hilo, lijulikanalo kama kesi ya Youmans, liliamuliwa mwaka 1926, yaani miaka 46 baadaye, kwa ajili ya mtoto wa mmoja wa waliouawa. Mexico ilijitetea kwamba askari wale walitenda kinyume cha amri waliyopewa, hivyo makosa ni yao na si ya taifa. Tume iliikataa hoja hiyo kwa maneno ambayo maana yake ni rahisi: askari anayeua au kupora siku zote huwa anavunja amri. Kama kuvunja amri kungetosha kuiokoa serikali, basi hakuna tendo ovu la askari ambalo lingeweza kuhesabiwa kuwa ni la dola. Mexico ikaamriwa kulipa dola 20,000.

Hapo ndipo mpaka ulipo. Askari aliye likizo, asiye kazini, akigombana na mtu kwa jambo lake la nyumbani, kosa hilo ni lake na mahakama za nchi yake zitamhukumu. Lakini askari aliye kazini, chini ya afisa wake, akitumia silaha na cheo alichopewa na taifa, tendo lake ni tendo la taifa, hata kama amiri wake alimkataza. Sare aliyoivaa haiandikwi jina lake peke yake. Na pale ambapo askari hakutenda uovu wowote, ila alisimama kando akiutazama ukitendwa, serikali itaulizwa kwa nini ulinzi haukuwapo.

Sasa yafaa kurudi Kinshasa. Miongoni mwa majengo yaliyoporwa mwaka 1991 na tena mwaka 1993 kilikuwamo kiwanda cha kutengeneza betri za magari na betri ndogo, ambacho pia kiliagiza bidhaa na vyakula. Kiliitwa SINZA. Asilimia 94 ya hisa zake zilikuwa za kampuni ya Marekani, American Manufacturing and Trading. Mwaka 1993 kampuni hiyo iliipeleka Zaire mbele ya kituo cha Benki ya Dunia cha kusuluhisha migogoro ya vitega uchumi. Wasuluhishi walikuwa watatu, mmoja wao akiwa Mwafrika mashuhuri katika elimu ya sheria, Kéba Mbaye wa Senegal.

Zaire ilikuwa na utetezi wake. Mojawapo ya hoja zake ni kwamba wananchi wa Zaire wenyewe, na wageni wa mataifa mengine, waliporwa vile vile na hawakulipwa kitu. Basi kwa nini Mmarekani apendelewe? Baraza halikukubali. Lilisema kwamba Zaire iliahidi kwa mkataba kuilinda mali ile, na kwamba haikuchukua hatua yoyote ya kuilinda. Likaongeza kwamba si muhimu kama aliyebeba mali alikuwa mtu wa majeshi ya Zaire au mwizi yeyote wa mitaani. Wajibu wa ulinzi ulikuwa ule ule, na haukutimizwa. Tarehe 21 Februari 1997 Zaire iliamriwa kulipa dola milioni 9 za Kimarekani.

Ni haki kuongeza kwamba baraza halikumpa mdai kila alichoomba. Kampuni ilikuwa imepiga hesabu ya faida yake kana kwamba ilifanya biashara katika nchi yenye utulivu kamili. Wasuluhishi wakasema kwamba mwekezaji aliyeingia Zaire aliijua hali ya Zaire. Hata hivyo dola milioni 9 si haba, hasa kwa taifa ambalo ghasia zake zilianza kwa kukosa mishahara ya askari.

Tarehe ya hukumu ile nayo yafaa itazamwe. Miezi mitatu baadaye, tarehe 17 Mei 1997, majeshi ya Laurent-Désiré Kabila yaliingia Kinshasa. Mobutu alikuwa ameshakimbia, na jina la Zaire likafutwa. Lakini hukumu haikufutwa pamoja na jina. Katika sheria za mataifa serikali hubadilika na dola hubaki, na deni huifuata dola. Walioingia madarakani wakipinga utawala wa kale waliurithi mzigo wake, kama vile mtoto anavyoyakuta madeni ya baba. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kubadili jina.

Kongo ilikuwa imewahi kutoa fundisho jingine la namna hii miaka 30 kabla. Kati ya mwaka 1960 na 1964 majeshi ya Umoja wa Mataifa yalikuwa nchini humo, na katika Katanga yalipigana vita vya kweli dhidi ya wale waliotaka kulitenga jimbo hilo. Baada ya mapigano Wabelgiji wengi walidai kwamba askari wa Umoja wa Mataifa waliwaua jamaa zao, waliwakamata bila ya haki au waliharibu mali zao. Madai yapatayo 1,400 yaliletwa. Umoja wa Mataifa uliyapitia moja moja ukitumia kipimo kimoja: hasara iliyotokana na ulazima wa vita haikulipwa, hasara iliyotokana na tendo lisilo halali la askari ilistahili fidia. Madai 581 yakaonekana yanastahili, na kwa mapatano ya tarehe 20 Februari 1965 Ubelgiji ikalipwa dola milioni 1.5.

Mapatano hayo hayakupendwa na wote. Umoja wa Kisovyeti ulilalamika kwamba Ubelgiji, iliyoihujumu Kongo, haikustahili hata senti. Katibu Mkuu U Thant alijibu kwamba wanaolipwa ni watu binafsi walioumizwa kinyume cha sheria, na kwamba Umoja wa Mataifa hauwezi kuukwepa wajibu wake kwa watu hao. Mtu anaweza kukubaliana na upande wowote katika hoja hiyo. Jambo lisilo na ubishi ni kwamba matendo ya askari wachache, waliotoka katika mataifa mbalimbali, yalilipiwa na jumuiya nzima ya mataifa.

Habari hiyo inawahusu wasikilizaji wa Tanzania kwa karibu, maana tangu mwaka 2013 askari wa Tanzania, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi, walipelekwa mashariki ya Kongo katika kikosi maalum cha Umoja wa Mataifa. Katika kazi za namna hiyo kanuni ya mwaka 1965 bado ina nguvu: ulazima wa vita ni jambo moja, tendo lisilo halali ni jambo jingine. Mwaka 1998 Baraza Kuu liliweka mipaka. Mtu aliyeumia hana budi kupeleka dai lake katika muda wa miezi 6 tangu hasara kutokea au kugunduliwa, na fidia ya mtu mmoja haizidi dola 50,000. Mwanakijiji ambaye shamba lake limekanyagwa na gari la deraya hajui lolote juu ya miezi 6 hiyo. Afisa anayemwambia, na kumwandikia karatasi yenye tarehe na mahali, humtendea haki mwanakijiji yule na kulilinda jina la jeshi lake.

Kwa upande wa polisi, Kongo hiyo hiyo ina mfano wake, na safari hii hapakuwa na ghasia za mitaani. Mfanyabiashara mmoja wa Guinea, ambaye kesi yake inajulikana kwa jina la Diallo, alikuwa ameishi nchini humo tangu mwaka 1964. Alikuwa akizidai fedha nyingi serikali na kampuni kubwa. Mwezi Novemba 1995 alikamatwa. Baadaye akaachiliwa, akakamatwa tena, na tarehe 31 Januari 1996 akafukuzwa nchini. Kwa jumla alikaa kizuizini siku 72. Guinea, nchi yake, ilimchukulia dai hilo na mwaka 1998 ikaishtaki Kongo mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague.

Makosa yaliyoonekana katika hukumu ya mwaka 2010 hayakuwa makubwa kwa kuyatazama. Amri ya kumfukuza haikueleza sababu, wala haikufuata utaratibu wa sheria ya Kongo yenyewe. Mtu aliyekamatwa hakuambiwa sababu za kukamatwa kwake. Wala hakuambiwa mara moja kwamba ana haki ya kuomba ubalozi wake uarifiwe, haki iliyoandikwa katika Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya uhusiano wa kikonseli. Haya yote ni mambo ambayo askari wa zamu katika kituo cha polisi angeyamaliza kwa dakika 10, kalamu na daftari. Mwaka 2012 Kongo iliamriwa kuilipa Guinea dola 95,000 kwa ajili ya raia wake. Guinea ilikuwa imeomba zaidi ya dola milioni 11, lakini sehemu kubwa ya dai ilianguka kwa kukosa ushahidi. Kesi yote ilichukua zaidi ya miaka 13.

Na ipo kesi ya majirani wawili ambayo ndani yake kila mmoja alikuwa mdai na mdaiwa. Vita vilipozuka mwaka 1998 majeshi ya Uganda yaliingia mashariki ya Kongo. Mjini Kinshasa, wakati huo huo, askari wa Kongo waliuvamia ubalozi wa Uganda, wakawatendea vibaya wanadiplomasia wake, na katika uwanja wa Ndjili wakawatesa wengine waliokuwa wakijaribu kuondoka. Kongo iliishtaki Uganda mwaka 1999, nayo Uganda ikajibu kwa madai yake.

Hukumu ilitolewa tarehe 19 Desemba 2005. Uganda ilionekana imevunja sheria kwa kuingia kijeshi, kwa mauaji na mateso ya raia, na kwa kutozuia uporaji wa mali ya asili katika Ituri, ambako ilikuwa imeishika nchi. Mahakama ilisisitiza kwamba mwenendo wa askari wa Uganda ni mwenendo wa Uganda, hata kama askari hao walikwenda kinyume cha maagizo. Ndiyo kanuni ile ile ya Angangueo, iliyotoka Mexico mpaka Kisangani. Kwa upande wa pili Kongo nayo ilionekana na hatia kwa kuuvamia ubalozi. Lakini katika dai la wale waliotendewa vibaya uwanjani ambao hawakuwa wanadiplomasia, Uganda ilishindwa. Haikuthibitisha ya kutosha kwamba watu wale walikuwa raia wake. Mateso yao hayakukanushwa. Karatasi ndizo zilizokosekana.

Mwisho wa shauri hilo ulikuja tarehe 9 Februari 2022. Kongo ilikuwa imeomba zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama iliiamuru Uganda kulipa dola milioni 325: milioni 225 kwa ajili ya watu waliouawa na kuumizwa, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili. Fedha hizo zilipangwa kulipwa kwa mafungu 5 ya dola milioni 65 kila mwaka, kuanzia Septemba 2022. Uganda yenyewe ililiacha dai lake la fidia ya ubalozi. Kwa upande wa Kongo uliundwa mfuko maalum wa kuwagawia walioathirika, wenye makao yake Kisangani, mji ambao mwezi Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda yalipigana humo siku 6 huku wakazi wake wakijificha chini ya vitanda.

Katika hesabu hizi zote pana jambo ambalo mwenye moyo hawezi kulipita. Mmarekani mwenye kiwanda alikuwa na mkataba. Mbelgiji alikuwa na wizara iliyoandika barua. Mfanyabiashara wa Guinea alikuwa na nchi iliyompigania miaka 13. Hata mkazi wa Kisangani, kwa kuwa aliumizwa na jeshi la kigeni, alikuja kuwa na serikali ya kumsemea. Lakini mama wa Kinshasa aliyevunjiwa kibanda chake cha vitenge mwaka 1991 na askari wa nchi yake mwenyewe, huyo alikuwa na balozi gani? Mgeni ana ubalozi. Mwananchi hana ubalozi katika nchi yake. Kinga yake pekee ni nidhamu ya askari, sheria za nchi na mahakama zinazosikiliza. Zaidi ya hayo, fidia ya wageni hutoka katika kodi, na kodi hulipwa na mama yule yule. Ameporwa mara ya kwanza na bunduki, na mara ya pili na hesabu.

Kwa hiyo si sawa kuyachukulia madai ya mabalozi kuwa ni ujeuri wa mataifa makubwa tu. Zipo nyakati ambazo mataifa yenye nguvu yaliyatumia madai ya raia wao kuwa kisingizio cha kupeleka manowari na kulazimisha mapatano, na historia ya Amerika ya Kusini na ya China imejaa mifano. Lakini jibu la taifa dogo mbele ya ubabe wa namna hiyo ni kutompa mdai sababu. Taifa ambalo askari wake walisimama imara, ambalo linaweza kufungua daftari na kuonyesha lilichofanya, huijibu barua ya balozi bila ya hofu. Sierra Leone ni mfano wa jitihada iliyothibitishwa. Kinshasa ni mfano wa ulinzi ambao haukuwapo.

Kutokana na kesi hizi wajibu wa kamanda na wa askari waonekana bila ya kutafutwa mbali. Habari za hatari zikifika mapema, ziandikwe, na hatua iliyochukuliwa iandikwe kando yake. Askari wakipangwa kulinda kiwanda, ghala au mtaa, saa na idadi yao iwe katika daftari la matukio. Ikiwa askari hawatoshi, na aghalabu hawatoshi, iandikwe walikopelekwa na kwa sababu gani, maana sheria haidai muujiza, hudai jitihada. Mali iliyookolewa mikononi mwa waporaji ihesabiwe, iorodheshwe na kurudishwa kwa hati. Mgeni aliyekamatwa aambiwe sababu na haki yake ya kuarifiwa ubalozi wake. Askari aliyepora au kuua pasipo haki ashtakiwe hadharani, kwa kuwa dola inayomwadhibu mkosaji wake ina la kusema mbele ya mahakama yoyote, na dola inayomficha huonekana imeukubali uovu wake.

Upo pia wajibu wa wakubwa kwa wadogo. Ghasia za Kinshasa zilianza kwa mishahara isiyotosha. Serikali iliyoona fedha ya kuwalipa askari wake kwa haki ni nyingi mno ilikuja kudaiwa nyingi zaidi kwa matendo yao, na juu ya hapo ikapoteza maisha ya watu, viwanda na heshima ya jina la nchi. Mshahara wa askari, chakula chake na makazi yake si hisani. Ni sehemu ya ulinzi wa taifa, sawa na bunduki anayopewa.

Askari aliyesimama mlangoni pa duka la mgeni usiku wa ghasia, mkono mmoja kwenye bunduki na mwingine ukiwazuia watu kwa upole, pengine hajui habari za The Hague wala za Angangueo. Anajua tu kwamba amepewa amri ya kulilinda duka hilo, na kwamba kando yake kipo kibanda cha mwananchi mwenzake kinachohitaji ulinzi ule ule. Akikaa hapo mpaka alfajiri, hakuna balozi atakayeandika barua juu yake na jina lake halitatajwa katika hukumu yoyote. Lakini taifa litakuwa limeepushwa na deni ambalo watoto wake wangelilipa, na wenye maduka yote mawili watafungua milango yao asubuhi.